Je, Wajua? Vidonda, Asali na Bandeji Zinazopambana na Vijidudu

Je, wajua kwamba sisi binadamu ni wazito wa kupona kuliko nyani? Mwaka 2025 watafiti wakiongozwa na Akiko Matsumoto-Oda wa Chuo Kikuu cha Ryukyus, Japani, walichapisha vipimo vya vidonda vya nyani, kima na tumbili wanaotunzwa katika taasisi ya utafiti nchini Kenya, wakavilinganisha na vya wagonjwa waliokatwa uvimbe wa ngozi huko Okinawa. Ngozi ya wanyama wale ilifunga kidonda kwa takriban milimita 0.6 kwa siku. Ya binadamu ilijikongoja kwa robo milimita. Hata sokwe, ndugu zetu wa karibu, walikwenda na kasi ya nyani, si yetu. Watafiti wanadhani sababu ni kupungua kwa manyoya: kwenye shina la kila unywele kuna chembe hai zinazosaidia kujenga ngozi mpya, na sisi tumebaki na vinyweleo hafifu. Ndiyo maana kiumbe huyu mwenye ngozi ya kusuasua akalazimika kubuni bandeji.

Na je, wajua kwamba huko Laikipia yuko panya anayemwachia adui ngozi yake na kukimbia? Ni panya mwenye manyoya kama miiba. Mwaka 2012 mtafiti Ashley Seifert na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba panya huyu anaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo, na ngozi ikarudi na vinyweleo vyake na bila kovu la maana. Wataalamu wa vidonda duniani wanamtazama kwa wivu mtupu.

Sokwe wa msitu wa Budongo, Uganda, nao wameonekana wakitafuna majani na kuyapaka kwenye vidonda, vyao na vya wenzao. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2025.

Je, wajua kwamba moja ya bandeji za dawa zilizoelezwa kwa makini zaidi Afrika Mashariki ilifungwa mwaka 1879? Robert Felkin, mmisionari aliyesomea udaktari, alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, mganga akimpasua mjamzito wa miaka kama 20 ili kumtoa mtoto. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi. Penye damu iliyovuja, alichoma kwa chuma cha moto. Kidonda alikibana kwa pini saba nyembamba za chuma, zilizosuguliwa zikang'aa, akazizungushia nyuzi za magome. Kisha mizizi ya aina mbili ikatafunwa na kutemwa chunguni, rojo lake likapakwa kwa unene juu ya kidonda, likafunikwa kwa jani la mgomba lililopashwa moto, na juu ya jani ukakazwa mkanda wa nguo ya gome la mti. Pini tatu zilitolewa siku ya tatu, tatu nyingine siku ya tano, ya mwisho siku ya sita. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimefunga. Kumbuka kwamba daktari wa upasuaji Joseph Lister wa Uingereza alikuwa amechapisha hoja yake ya kuua vijidudu vya vidonda kwa asidi ya kaboliki mwaka 1867 tu, na madaktari wengi wa Ulaya walikuwa bado wanambishia. Mate ya watafunaji yangemtoa jasho mkaguzi wa leo, lakini mengine yote yalikuwa pale: kilevi cha kusafishia, dawa ya kupaka, kifuniko kisichogandia nyama, na mkanda.

 

Je, wajua kwamba David Livingstone alitibu miguu yake kwa jiwe? Mwaka 1870 alilazwa siku 80 huko Bambarre, Kabambare ya leo mashariki mwa Kongo, kwa vidonda vilivyokuwa vikila nyama ya miguu yote miwili. Alijaribu dawa alizokuwa nazo zikashindwa. Mwishowe akasaga malakaiti, jiwe la kijani lenye shaba, kwa maji juu ya jiwe jingine, akapaka kwa unyoya, na akaandika kwamba ni hicho tu kilichomfaa. Miaka miwili baadaye alivuka Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania ya leo, kwa miguu hiyohiyo akielekea Bangweulu, safari iliyokuwa ya mwisho kwake. Leo zipo bandeji zilizotiwa oksidi ya shaba. Shaba hutoboa utando wa bakteria na kuvuruga vimeng'enya vyake. Livingstone hakuyajua hayo. Aliona tu kwamba kidonda kimeacha kuenea.

Je, wajua ni nani yule ambaye hospitali moja ya Sumbawanga, mkoani Rukwa, inaitwa kwa jina lake? Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa udaktari Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hakuondoka. Alitibu watu wa pwani ile ya ziwa hadi alipofariki mwaka 1956. Alianza kazi hiyo miaka karibu 40 kabla penisilini haijagunduliwa, na zaidi ya 50 kabla haijaanza kutumika. Maana yake, kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya udaktari, kidonda kilichotunga usaha kilipona kwa kusafishwa na kufungwa vizuri, au hakikupona.

Sasa tuingie chumba cha kufungia vidonda. Mgonjwa ameketi, mguu juu ya stuli. Gozi ya jana imekauka na kushikana na nyama. Muuguzi mwenye haraka huivuta ikatoka na damu, mgonjwa akauma meno. Muuguzi anayejua kazi huimwagia maji ya chumvi ya dripu, akasubiri ilainike, kisha huitoa polepole kwa koleo. Ile damu si dalili njema. Ni nyama mpya iliyong'olewa, kazi ya siku nzima ya mwili ikaingia kwenye ndoo ya taka.

Je, wajua kwamba kidonda hakitakiwi kukaushwa? Hii inawashtua wengi. Mwaka 1962 mtafiti George Winter, akifanya kazi London, alijeruhi nguruwe kwa majeraha madogo, mengine akayafunika kwa plastiki nyembamba, mengine akayaacha wazi yafanye kigaga. Yaliyofunikwa yalipata ngozi mpya kwa kasi karibu mara mbili. Chembe za ngozi hutambaa juu ya unyevu. Zikikuta kigaga hulazimika kupita chini yake. Bandeji zote za kisasa zimejengwa juu ya nguruwe wa Winter. Ila unyevu huohuo ni karamu ya bakteria, na hapo ndipo ugumu ulipo: ufunike kidonda kikae na unyevu, lakini uweke ndani ya kifuniko kitu kitakachoua vijidudu bila kuua nyama.

Kuua vijidudu peke yake si kazi. Spiriti inaua. Haidrojeni peroksaidi, ile inayotoa povu, inaua. Zote mbili zinaua pia chembe changa zinazojenga nyama. Dawa kuchoma si uthibitisho kwamba inafanya kazi, ingawa mabibi wengi wa Sumbawanga watakubishia hilo hadi jioni.

Vipi kuhusu GV, dawa ya zambarau inayochafua shuka na sare za shule? Ni rangi, na kweli huua bakteria wengi na fangasi. Lakini mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Kanada iliwaonya wananchi kuhusu uwezekano wa saratani kutokana na matumizi yake. Iodini iliyofungwa na povidoni, ya tangu miaka ya 1950, imeishi vizuri zaidi: baada ya miongo yote hiyo bakteria hawajaizoea.

Je, wajua kwa nini asali haiozi? Maji ndani ya asali iliyoiva hayafiki asilimia 20, na sukari iliyobaki inafyonza maji ya kiumbe chochote kinachotua juu yake. Pili, asali ina asidi. Tatu, na hili ndilo tamu, nyuki huweka ndani yake kimeng'enya ambacho hulala asali ikiwa nzito, na huamka ikichanganyika na majimaji ya kidonda. Kikiamka kinatengeneza haidrojeni peroksaidi, ile ya povu, lakini kidogokidogo, kwa nguvu ndogo mno kuliko ya chupa ya famasi. Inatosha kuua bakteria, haitoshi kuua nyama. Wamisri waliiandika kwenye mafunjo ya Edwin Smith takriban miaka 3,600 iliyopita: asali, mafuta na nyuzi juu ya jeraha.

Asali ya manuka ya New Zealand ina silaha nyingine. Mwaka 2008 Thomas Henle na wenzake wa Dresden walionyesha kwamba nguvu yake hutokana na kemikali iitwayo methaili-glayoksali. Kichupa kidogo cha manuka huuzwa kwa bei ambayo mfugaji wa nyuki wa Mlele, Katavi, angekuuzia ndoo. Na Tanzania si ndogo katika jambo hili: huvuna takriban tani 30,000 za asali kwa mwaka, ya pili Afrika nyuma ya Ethiopia. Juu ya uwanda wa Ufipa wenyewe miti imebaki michache, nyasi ndizo zimetawala. Ukishuka kuelekea Katavi, iliyokuwa sehemu ya Rukwa hadi 2012, unaingia kwenye miombo, na mizinga ya magome inaning'inia juu ya miti.

Basi mbona zahanati za Rukwa hazipaki asali ya Katavi? Kwa sababu tatu, na zote ni nzuri. Asali mbichi inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulini, ndiyo sababu pia mtoto wa chini ya mwaka mmoja halambishwi asali. Ukiichemsha ili kuwaua, mbegu hazifi kirahisi, ila kimeng'enya kinakufa, na umebaki na sharubati. Asali ya hospitali husafishwa kwa mionzi ya gama, inayoua mbegu na kuacha kimeng'enya kizima. Pili, ndoo ya sokoni huenda ni sukari guru iliyochanganywa, na kidonda hakina ulimi wa kutambua. Tatu ni ushahidi: mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2015 yalikuta asali ikiponya majeraha ya moto yasiyo ya kina siku nne hadi tano mapema kuliko bandeji za kawaida, lakini haikufaa kitu kwa vidonda vya mishipa ya miguuni. Asali ni dawa ya baadhi ya vidonda. Anayekuuzia kwa ajili ya vyote anakuuzia maneno.

Sukari ya kawaida? Moses Murandu, aliyekulia kijijini Zimbabwe akiona baba yake akipaka sukari au chumvi kwenye vidonda, alikwenda kuwa muuguzi Uingereza, akashangaa kuona hakuna anayeitumia, akaifanyia utafiti Chuo Kikuu cha Wolverhampton. Sukari hufanya kazi kwa kunyonya maji.

Papai nalo. Hospitali ya Royal Victoria, Banjul, Gambia, ilikuwa ikiponda papai na kulipaka kila siku kwenye majeraha ya moto ya watoto. Kimeng'enya chake huyeyusha nyama iliyokufa. Lakini mwaka 2008 Marekani iliamuru dawa za vidonda za papai zisizosajiliwa ziondolewe sokoni, kwani baadhi ya watu zilikuwa zikiwaletea mzio mkali.

Je, wajua kwamba madaktari wa Fortaleza, Brazil, hufunika majeraha ya moto kwa ngozi ya samaki? Samaki huyo ni sato, aliyetoka Afrika. Ngozi yake ina kolajeni nyingi. Husafishwa kwa dawa, huhifadhiwa kwenye gliserini na kupigwa mionzi, kisha hubandikwa na kuachwa hadi siku kumi bila kubadilishwa. Moto ulipoteketeza misitu ya California mwishoni mwa 2017, dubu walioungua nyayo walibandikwa ngozi hiyohiyo. Ziwa Rukwa lina perege wake, Oreochromis rukwaensis, na ngozi yake huishia kwenye sufuria au kwa paka. Kujaribu kunataka maabara, bwawa safi na mashine ya mionzi, usijaribu jikoni.

Zile siku kumi zina uzito kuliko jina la samaki. Mjini Sumbawanga kubadilisha bandeji kila siku ni usumbufu. Kwa mtu wa Bonde la Rukwa, wa Muze au Mtowisa, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ni nauli, ni siku ya shamba iliyopotea, na mara nyingi ni sababu ya kutorudi kabisa. Kwa hiyo bandeji nzuri kwa Rukwa haipimwi kwa bei ya kipande. Ipimwe kwa siku inazokaa kabla haijahitaji mkono wa muuguzi. Gozi kavu ni rahisi dukani na ghali kwa mgonjwa.

Fedha, madini yenyewe, imeingia katika mashindano hayo. Mwaka 1968 daktari Charles Fox alileta krimu nyeupe ya fedha na salfa kwa majeraha ya moto, na ikatawala wodi za dunia nzima. Baadaye ikaonekana inachelewesha ngozi mpya, na miongozo mingi ikaanza kuiweka pembeni. Bandeji za punje ndogo mno za fedha, zinazoachia dawa taratibu kwa siku tatu hadi saba, zilikuja miaka ya 1990. Zinaua vizuri, na bei yake inauma.

Je, wajua kwamba maganda ya kamba wa baharini na kaa huzuia damu? Kutoka kwenye maganda hayo hupatikana kaitosani, yenye chaji chanya, na utando wa bakteria una chaji hasi. Wakikutana, bakteria hupasuka. Jeshi la Marekani lilibeba bandeji zake vitani Irak na Afghanistan kuanzia 2003. Mwani wa Zanzibar, unaolimwa kibiashara tangu 1989, hutoa karajini inayoweza kufanywa jeli ya kufunikia vidonda. Bandeji maarufu za mwani, zile za alginati, hutokana na mwani wa kahawia, si huu wa Zanzibar.

Pamba je? Kabla ya wakoloni, Wafipa na majirani zao wa Bonde la Rukwa walisokota pamba na kufuma nguo nzito. Lakini pamba ya shambani haifyonzi maji: ina nta. Lazima ichemshwe kwa magadi makali na kupaushwa ndipo iwe gozi. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, na hatua zote za kuipandisha thamani hufanyika kwa watu wengine. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kina kituo cha umahiri kinachoweka chini ya paa moja kemia ya mimea na teknolojia ya nguo. Muhimbili ina taasisi ya tiba asili iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Vipande vya kutengenezea bandeji ya kwetu vipo, vimetawanyika.

Kuviunganisha si kuchovya gozi kwenye maji ya mwarobaini. Maabara huanza kwa kuweka kipande cha bandeji juu ya bakteria waliooteshwa na kutazama kama duara tupu linajitokeza kukizunguka. Magazeti hushangilia duara hilo. Ni mwanzo tu: spiriti nayo hutoa duara. Yapo maswali magumu zaidi. Je, chembe za ngozi ya binadamu zinaishi karibu nayo? Inavunja ule utelezi ambao bakteria wa vidonda sugu hujifunikia? Ikikaa stoo ya zahanati miezi kumi na miwili, dawa bado imo? Kisha wanyama, kisha wagonjwa waliokubali, kisha mamlaka ya Tanzania, TMDA, iliyoitwa TFDA hadi 2019, ambayo husajili vifaa tiba pamoja na dawa.

Je, wajua ukiona usaha wa kijani-buluu wenye harufu tamutamu, huenda ni Pseudomonas? Huyu hupenda maji, hukaa hata kwenye masinki ya wodi, na antibiotiki nyingi hazimtishi.

Usugu huo ndio uliorudisha akili za watafiti kwenye bandeji. Mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa maambukizi yaliyoshinda antibiotiki. Tanzania ilitoa mpango wa taifa wa kupambana na usugu mwaka 2017. Bandeji yenye dawa hufanya kazi pale pale palipoumia, bila kuuogesha mwili mzima kwa vidonge. Na unga wa kapsuli za antibiotiki uliomwagwa juu ya kidonda, desturi iliyozagaa vijijini na mijini, ni shule ya kuwafunza bakteria ukaidi.

Funza pia ni watabibu. Nchini Kenya, watafiti wa KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, wamefuga mabuu ya nzi wa kijani yaliyo safi, kwa ajili ya kula nyama iliyooza na kuacha nzima. Hakuna bandeji ya fedha inayochagua kwa ustadi huo.

Je, wajua kidonda kisichouma ni cha kuogopwa zaidi? Mwaka 1897 daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo, Kampala, alieleza vidonda vikubwa ambavyo baadaye vilijulikana kama vya Buruli. Sumu ya bakteria wake hufisha hisia. Kisukari nacho huua neva za miguu. Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake waliendesha nchini Tanzania mradi wa kufundisha wauguzi na madaktari kutunza miguu ya wenye kisukari, ulioanza 2004. Ndugu mwenye kisukari, kagua nyayo zako kila jioni, na katikati ya vidole. Tumia kioo usipoweza kuinama.

Na kwa sababu Juni na Julai baridi ya Sumbawanga huingiza majiko ya mkaa ndani, penye watoto na sufuria za uji: mtoto akiungua, mwagie maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si mafuta ya taa, si unga, si hata asali iliyoko kabatini. Mfunike kwa kitambaa safi, mpeleke kituo cha afya, na ubebe kadi yake ya chanjo ili muuguzi aangalie ya pepopunda.